Jiko Dogo Kwenye Ncha ya Sigara

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Kwanza niwatoe hofu wavutaji mliomo humu ndani. Sikuja kumwanika mtu, wala sina picha za mapafu meusi za kuwatisha. Nimekuja na kitambaa cha mkononi kimoja tu, hiki hapa, na habari zake nitazieleza baadaye kidogo. Mimi ni mtu wa kemia, na leo nataka tuzungumze habari za moto.

Tukiambiwa sigara ina kemikali zenye sumu, wengi wetu tunaona kiwanda: mtu kavaa glavu, anamimina vitu kutoka kwenye madumu. Ukishaona hivyo, haichukui muda utaanza kujitafutia sigara "safi", yaani tumbaku ya asili, ya kujisokotea mwenyewe, isiyotiwa kitu. Hoja hii nimeisikia mara nyingi, hata kwa wasomi wenzangu. Ni kweli viwanda huongeza vitu, sukari na mentholi vikiwemo. Lakini sehemu kubwa ya sumu haimo kwenye pakiti. Inapikwa pale pale, mbele ya pua yako, kila unapopiga pafu.

Wanakemia wamekwisha kutambua kemikali zaidi ya 7,000 kwenye moshi wa sigara, na zipatazo 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Zinatoka wapi zote hizo?

Iangalieni sigara inayowaka. Ikiachwa kwenye kisahani cha majivu, kaa lake lina joto la nyuzi 600 na ushei za Selsiasi. Mvutaji akivuta, hewa inaingia kwa kasi, ncha inakuwa nyekundu, na joto linapanda hadi karibu nyuzi 900. Alumini huwa imeshayeyuka kabla ya kufika huko. Kaa hilo linakula karibu oksijeni yote inayopita. Sasa nyuma yake, milimita chache tu, jani linapata joto kali lakini hewa ya kuwakia halina. Kwa hiyo haliwaki, linafuka, na mnajua wenyewe ukuni unaofuka ulivyo na moshi kuushinda unaowaka. Hapo ndipo jikoni penyewe. Selulosi, sukari na protini za jani zinakatikakatika, na vipande vinaungana upya ovyo ovyo. Sukari inatoa fomaldehaidi, ileile inayohifadhia maiti. Protini zinatoa sianidi ya haidrojeni. Kaboni iliyokosa oksijeni ya kutosha inatoka ikiwa kaboni monoksidi. Hakuna mtu aliyezitia humo. Ukilima tumbaku yako mwenyewe, ukaikausha mwenyewe na kuisokota mwenyewe, moto utakupikia vitu vilevile.

Tuianze hiyo kaboni monoksidi. Hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, inaishika kaboni monoksidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni yenyewe. Ni kama basi ambalo abiria mmoja ameng'ang'ania kiti na hashuki kituoni. Moyo unalazimika kusukuma damu zaidi ili kufikisha mzigo uleule. Mtu anapanda ngazi, anahema, anasema umri huo. Pengine ni umri. Pengine ni viti vilivyokaliwa.

Halafu akrolini, sumu nyingine iliyomo kwenye moshi huu, ambayo haisemwi sana na mimi naona inaonewa. Njia zetu za hewa zimetandikwa vinywele vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga mawimbi usiku na mchana kusukuma kamasi na uchafu kuelekea juu, kooni. Akrolini na wenzake wanavipoozesha. Kwa hiyo moshi unaleta taka, na hapohapo unamlaza mfagizi. Kile kikohozi cha asubuhi cha mvutaji ni mwili unaojaribu kufanya kwa nguvu ya kifua kazi ambayo vinywele vingeifanya kimyakimya.

Sasa kitambaa. Nina rafiki yangu anayevuta, mtu mzuri, na amekubali nimtaje bila jina. Nilimwomba avute moshi hadi kinywani tu, asiumeze, kisha aupulize kupitia kitambaa hiki. Doa lake ni hili la kushoto, rangi ya chai iliyokolea. Aliye nyuma huenda haoni, nitakipitisha. Kisha nikamwomba avute kama kawaida yake, moshi ushuke kifuani, ndipo apulize. Doa ni hili la kulia. Mnaliona? Ni hafifu, kama kitambaa kimeguswa na kidole chenye vumbi. Pafu ni lile lile, sigara ni ile ile. Tofauti ya doa hili na lile imebaki ndani yake. Naye alipoyaona madoa mawili alinyamaza kidogo, akaniuliza kama kitambaa kinafulika.

Doa hilo ndilo tunaloliita lami. Si kemikali moja, ni mchanganyiko wa maelfu, na ndani yake yumo mmoja ninayetaka tumkazie macho: benzopairini. Hadithi yake ni ndefu kuliko ya sigara za kiwandani. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya korodani iliyowapata wasafisha mabomba ya moshi, akailaumu masizi. Ilichukua zaidi ya miaka 150 kwa wanakemia kuitenga benzopairini kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe na kuonyesha kuwa inaleta saratani.

Ajabu yake ni hii. Benzopairini yenyewe ikiingia mwilini ni kama mafuta, haiyeyuki kwenye maji, na wala haina ugomvi mkubwa na mtu. Mwili ndio unaotaka kuitoa. Ili itoke na mkojo lazima iyeyuke majini, kwa hiyo vimeng'enya vinaanza kuibandika oksijeni. Ni usafi wa kawaida unaofanyika kwa mamia ya vitu. Ila kwa huyu, katikati ya safari ya kuoshwa, anazaliwa kiumbe mwenye hasira kuliko mama yake, anayejigandisha kwenye DNA na asibanduke. Mwaka 1996 watafiti nchini Marekani walionyesha anapogandia kwenye jeni iitwayo p53, mlinzi anayezuia seli zisigawanyike ovyo. Palikuwa sehemu zilezile ambazo jeni hiyo hukutwa imeharibika katika saratani ya mapafu ya wavutaji. Kabla ya hapo takwimu zilikuwa zimesema kwa miongo mingi kwamba wavutaji wanakufa zaidi. Hapa sasa ilikuwa kama kukuta alama za vidole mlangoni.

Nisiuonee moto, maana vipo ambavyo jani linakuja navyo. Nitrosamini za tumbaku, kundi la kemikali za kuleta saratani, hutokea zaidi wakati wa kukausha majani, na ndiyo maana ugoro na tumbaku ya kutafuna nazo zinaleta saratani bila kiberiti kuwashwa. Kadimi, metali yenye sumu, inanyonywa na mizizi kutoka udongoni. Tena yapo madini ya mionzi, poloni-210, yaliyotambuliwa kwenye moshi wa sigara mwaka 1964: jani la tumbaku lina vinyweleo vinavyonata, na vumbi la mionzi kutoka angani linanasa humo, huku mbolea za fosfeti zikiongeza lake.

Na nikotini? Huyo ndiye anayelaumiwa kwa yote, lakini kazi yake hasa ni moja. Mmea unaitengeneza kuua wadudu. Kwa binadamu inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, halafu nusu yake imeondoka kwenye damu baada ya saa mbili hivi, na hapo alosto inaanza kubisha hodi. Nikotini ndiyo inayomrudisha mtu jikoni. Vingi vya kumwua vinatoka kwenye moshi wenyewe.

Mzee wa pale mbele anataka kuuliza habari za sigara "laiti", yaani zile zilizotangazwa kuwa nyepesi, namwona. Chukua kichungi cha sigara ya namna hiyo, ukiangalie karatasi yake kwenye mwanga. Utaona mstari wa vitundu vidogo sana. Mashine ya kupimia ilikuwa ikivuta mililita 35 kwa sekunde mbili, mara moja kila dakika, na hewa safi iliyopenya kwenye vitundu ikauzimua moshi, namba ya lami kwenye pakiti ikashuka. Lakini mashine haina vidole. Mvutaji anavishikia palepale penye vitundu, au anavifunika kwa midomo. Vikibaki wazi, anavuta kwa nguvu na mara nyingi zaidi mpaka apate nikotini yake. Kwa maoni yangu huu ni ulaghai uliovaa koti la maabara. Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku maneno kama hayo mwaka 2003, Marekani mwaka 2010.

La asiyevuta nitalisema kwa kifupi. Moshi unaotoka ncha ya sigara kati ya pafu na pafu ni wa bluu kidogo, ule anaoupuliza mvutaji ni wa kijivu. Wa bluu haujapita kwenye kichungi wala kwenye kifua cha mtu, umepikwa kwa joto la chini, na sumu kadhaa zimo kwa wingi zaidi humo. Huo ndio unaoelea chumbani.

Mtu akiacha, vitu hivi haviondoki kwa mwendo mmoja. Kaboni monoksidi inashuka ndani ya siku moja au mbili. Vinywele vinaamka taratibu, na wengine hukohoa zaidi wiki za mwanzo wakadhani wamezidiwa, kumbe mfagizi amerudi kazini. Kadimi ndiyo sugu: inakaa kwenye figo, na hata nusu yake kutoka huchukua zaidi ya miaka kumi.

Kitambaa nakipitisha sasa, kianzie kushoto. Rafiki yangu nilimjibu kwamba nimekwisha kukifua mara mbili. Kinuseni.