Kuhamisha tangi dogo la samaki wa bahari kutoka Mtwara hadi Lindi

Assalamu alaikum, na habari za jioni ndugu zangu. Tuchukue tangi la lita 60 lenye mawe hai (vipande vya miamba vyenye bakteria na viumbe wadogo), samaki wawili watatu, kamba na anemoni (kiumbe laini mwenye minyiri inayochoma), linatoka Shangani hapa Mtwara kwenda Lindi. Ni kilomita mia na kidogo za lami. Wengi huwahofia samaki, lakini samaki akipata hewa na kivuli husafiri vizuri. Wanaokufa kimyakimya njiani ni bakteria, na samaki huwafuata siku chache baadaye.

Bakteria hao hugeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, halafu nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo. Makao yao ni vitundu vya mawe, mchanga na sponji ya chujio. Majini wamo wachache sana. Kwa hiyo nusu ya maji ya zamani ikimwagika hujapoteza kitu, ila mawe yakikauka umepoteza tangi zima. Mawe yasafiri yamezama ndani ya ndoo, au yamefungwa kwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya bahari.

Kuna kosa linaloua matangi mengi kuliko joto la barabarani. Chujio la kopo (lile la nje lililofunikwa, maji hupita ndani yake) likizimwa likaachwa limefungwa, oksijeni ya mle ndani huisha kwa saa chache, bakteria hufa na kuoza. Ukiliwasha Lindi, uozo wote unamwagikia samaki. Toa sponji, iweke kwenye ndoo ya wazi yenye jiwe la hewa linalotoa viputo, na maji yaliyobaki kwenye kopo uyamwage.

Kabla ya kung'oa chochote, lita 40 za maji mapya ziwe zinakusubiri Lindi. Ukichota baharini, chota maji yakikaribia kujaa kabisa, mbali na gati na mbali na mdomo wa Mto Lukuledi, maana wakati wa masika mto unaleta tope na kupunguza chumvi. Chuja kwa kitambaa safi, kisha pima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha wingi wa chumvi majini: tunataka 1.025. Ikisoma chini ya 1.024, ongeza chumvi maalumu ya matangi ya bahari. Chumvi ya kupikia haina kalsiamu na magnesiamu ambazo matumbawe yanazihitaji. Wala msivunje mawe Msimbati kwa ajili ya kujazia. Kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu mwaka 2000. Tena jiwe bichi huja na viumbe watakaofia tangini na kuzalisha amonia ileile tunayoikimbia.

Siku moja kabla ya safari usilishe. Alfajiri zima umeme wote, nyonya maji ya juu kwa mpira uyatie kwenye madumu yangali safi, kisha toa mawe. Samaki wavuliwe mwisho, maji yakibaki kina cha sentimita 10 na mawe hayapo. Kuwafukuza tangi likiwa limejaa kunawachosha bure. Anemoni iwe na chombo chake, kwa sababu ikishtuka huchoma wenzake. Usiivute kwenye kioo: ibandue taratibu kwa ukucha kuanzia ukingoni mwa mguu. Mchanga uliozidi sentimita 5 unaweza kuwa na tabaka jeusi linalonuka yai viza. Hiyo ni hidrojeni salfaidi, na ni sumu. Utupe, ubakishe kikombe kimoja cha mchanga wa juu kama mbegu.

Tangi lisibebwe hata na robo ya maji. Lita 60 ni zaidi ya kilo 60, na kirikuu kikiruka shimo silikoni ya pembeni inaachia. Liweke juu ya kipande cha godoro. Ndoo za samaki ziingie kwenye deli, mifuniko isikazwe, na pampu ya betri ifanye kazi njia nzima. Joto likipita nyuzi 29, weka chupa ya barafu nje ya ndoo, kamwe si ndani.

Lindi, meza ikaguliwe kwa pimamaji kwanza. Mawe na maji yatangulie, chujio liwashwe, na samaki waingie joto la maji likilingana. Waliosafiri kwenye mifuko iliyofungwa wana hatari ya pekee: hewa chafu waliyoitoa imeshusha pH (kipimo cha ukali wa asidi ya maji; ikishuka, asidi imezidi), na pH ya chini huidhoofisha amonia. Ukifungua mfuko pH inapanda na amonia inakuwa kali papo hapo. Basi mfuko uelee dakika 20 ukiwa umefungwa. Ukishaufungua, hamisha samaki kwa wavu mara moja na maji ya mfuko uyatupe. Hii inafaa tu kama chumvi ya pande zote mbili ni sawa, ndiyo maana tulipima mapema.

Siku ya kwanza taa zizimwe. Siku ya pili lisha kidogo sana. Pima amonia na nitriti kila siku kwa siku 10. Amonia ikifika miligramu 0.25 kwa lita, badilisha robo ya maji siku hiyohiyo, na usilishe mpaka ishuke.