Shaken Aimanov, mwigizaji aliyejifunza kupunguza

Mabibi na mabwana, karibuni. Shaken Aimanov anajulikana zaidi kwa jina lililo kwenye lango la Kazakhfilm, studio kuu ya filamu ya Kazakhstan, iliyopewa jina lake mwaka 1984. Ndiyo maana wengi humtaja kama mwongozaji na kuishia hapo. Lakini Aimanov alikuwa mwigizaji kwanza, na kazi yake tangu 1933 hadi 1970 inaeleweka vizuri ukiuliza jambo moja: mtu aliyelelewa na jukwaa anapunguza nini anapofika mbele ya kamera?

Alizaliwa Februari 1914 huko Bayanaul, akasoma ualimu Semipalatinsk, na mwaka 1933 akajiunga na kundi la maigizo la taifa mjini Alma-Ata. Kundi hilo lilikuwa changa, lilianza 1926 huko Kyzylorda. Waanzilishi wake hawakutoka chuo cha uigizaji. Walikuwa waimbaji na wachekeshaji waliozoea mikusanyiko ya watu nyikani, akiwemo Kalibek Kuanyshpaev na Elubai Umurzakov. Ukitumbuiza mahali pa wazi, upepo unavuma na farasi wanalia, sauti lazima itoke tumboni na mkono uonekane na aliye mbali. Aimanov aliikuta desturi hiyo, akaimeza yote.

Matunda yake yalionekana 1943. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimewasukuma wasanii wengi wa Moscow na Leningrad hadi Alma-Ata, na wawili kati yao, Olga Pyzhova na Boris Bibikov, wakaongoza tamthilia ya Shakespeare kuhusu Petruchio, mwanamume anayemwoa Katherina mkaidi na kujaribu kumtuliza, katika tafsiri ya Kikazakh ya Mukhtar Auezov. Aimanov alikuwa Petruchio, Khadisha Bukeeva alikuwa Katherina. Tamthilia hii ni mtego kwa mwigizaji mwenye sauti kubwa. Petruchio akibweka tangu onyesho la kwanza, anabaki dhalimu tu, na watazamaji wanahamia upande wa Katherina kabla ya mapumziko. Dawa yake ni Petruchio aonekane anaufurahia mchezo na anamstahi mpinzani wake. Uzuri ni kwamba Wakazakh wana aitys, ushindani wa malenga wawili wanaojibizana papo kwa papo, na kila mmoja husikiliza kwa makini ili amnase mwenzake kwa neno lake mwenyewe. Mwigizaji aliyekua akisikia aitys tayari anajua kusikiliza akiwa jukwaani, na hilo ndilo gumu kuliko kusema.

Tuje kwenye filamu. Mwaka 1952 alicheza Jambyl Jabayev, malenga mashuhuri aliyefariki 1945 akiwa na miaka 99. Aimanov hakuwa hata na 40. Hapa waigizaji wa jukwaani huanguka kwa namna ileile: mgongo unapinda, mikono inatetemeka, sauti inakwaruza, vyote kwa pamoja. Kutoka kiti cha mbali ukumbini, inapendeza. Kwenye picha ya karibu, ambapo uso unajaza skrini nzima, inakuwa maigizo ya mtoto. Ndevu za gundi nazo zina masharti yake. Ukifungua mdomo kama wa jukwaani, ngozi ya shavu inavutika, ukingo wa ndevu unabanduka, na taa za studio zinaumulika ufa huo bila huruma. Kwa hiyo uzee inabidi uhamie kwenye macho na kwenye muda: kuchelewa kidogo kabla ya kujibu, kuitazama dombra, ile ala ya nyuzi mbili, kabla ya kuigusa.

Kujua ni kitu kimoja, kuongoza wengine ni kingine. Filamu yake ya 1954, aliyoiongoza pamoja na Karl Gakkel kutokana na hadithi ya mapenzi ya Kozy Korpesh na Bayan Sulu, bado ni jukwaa lililowekewa kamera mbele. Watu wanasimama, wanatamka, wanangoja zamu.

Miaka 10 baadaye alijiongoza mwenyewe akiwa Aldar-Kose, mjanja asiye na ndevu wa ngano za Kikazakh, ndugu wa Abunuwasi wetu. Mfikirieni katika kisa chake maarufu. Ni baridi kali, Aldar amevaa koti lililojaa matundu, anakutana na tajiri mwenye manyoya mazito. Anamwambia upepo unaingia tundu moja na kutokea jingine, yeye yuko na joto. Tajiri anabadilishana naye. Mwigizaji wa jukwaani angepunga mikono kuonyesha joto. Kinachochekesha kweli ni kukaa kwa raha juu ya farasi, mabega yamelegea, huku kidole kimoja tu kikikataa kutii.

Mwaka 1966 akaongoza filamu ya mzee anayesafiri kwa treni na mjukuu wake kuirudisha nyumbani mifupa ya mwanawe aliyeuawa vitani. Mshairi Olzhas Suleimenov aliiandika. Mzee huyo ni Umurzakov, yuleyule mwanzilishi wa 1926, na sasa husikii kelele hata moja. Kwa maoni yangu, hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote za Aimanov, ingawa hayumo kwenye picha.

Aligongwa na gari Moscow, Desemba 1970, akafa akiwa na miaka 56. Anayetaka kuzitazama filamu hizi aanze na ya 1964, kisha ya 1966, ndipo arudi kwenye ile ya 1954. Akianza na hiyo ya 1954 hatamaliza.