Majeruhi Anayekoroma: Kumpima Mgonjwa Kando ya Barabara

Ndugu wahudumu, tuchukue ajali ya bodaboda, usiku. Dereva amevunjika mguu na anapiga mayowe. Abiria wake amelala chali, anakoroma, na umati wote umemzunguka dereva. Ninyi, mkishahakikisha kwamba magari yamezuiwa na kwamba hakuna anayevuja damu kwa kasi, mwendeeni anayekoroma, kwa maana anayepiga mayowe amekwisha kuwaonyesha kwamba njia yake ya hewa i wazi, ilhali mkoromo wa aliyepoteza fahamu mara nyingi ni ulimi uliolegea na kuanza kuziba koo. Lisukumeni taya lake mbele bila kuikunja shingo.

Utaratibu wetu unafuata kasi ya mauti: damu inayobubujika, njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, kisha ubongo. Hesabuni pumzi kwa kutazama saa, msikadirie. Mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20 kwa dakika. Katika mzunguko wa damu, nawasihi msitulizwe na kipimo cha presha peke yake, kwa sababu mwili wa kijana hubana mishipa na kuishikilia presha hata baada ya kupoteza damu nyingi, na kinachomfichua ni mapigo ya mbio pamoja na ngozi ya baridi yenye jasho.

Fahamu tunazipima kwa kipimo cha Glasgow, walichokitoa Teasdale na Jennett mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15 kwa macho, usemi na mwitikio wa viungo. Tajeni alama za kila sehemu, si jumla tu. Na kabla ya kuandika kwamba mzee amechanganyikiwa, ulizeni kama anakifahamu Kiswahili. Huenda ni Msukuma anayejibu sawasawa kwa lugha yake. Hali kadhalika, anayenuka pombe apimwe sukari, kwa kuwa sukari iliyoshuka humfanya mtu aonekane mlevi.

Kisha rudieni vipimo na kuandika saa ya kila kimoja, kila baada ya dakika 5 kwa aliye mahututi. Aliyeumia kichwa anaweza kuzungumza nanyi vizuri huku damu ikikusanyika ndani ya fuvu, na daktari atakayempokea ataiona hatari hiyo mapema iwapo karatasi yenu inaonyesha kwamba alama 15 za Glasgow za saa mbili usiku zilikuwa zimeshuka hadi 13 dakika ishirini baadaye.