Unakunywa pombe? Linda tumbo lako hivi

Mambo zenu ndugu zangu, karibuni. Leo naongea na nyie mnaopiga vyombo wikiendi halafu Jumatatu chembe ya moyo inawaka moto. Ila kama tayari una vidonda vya tumbo hatua yako ni moja tu, acha pombe, tibiwa upone.

Kwanza kula, na ule kabla, sio ile mishikaki yenye pilipili ya saa sita usiku. Ugali maharage, wali samaki, chochote cha kushiba. Ndani ya tumbo kuna ute unaozuia asidi isile ukuta wake, sasa pombe kali ikishuka kwenye tumbo tupu inaukuta ute huo uko wazi kabisa.

Pili, zimua kwa maji. Angalieni hapa glasi yangu, konyagi ni asilimia 35, nimepima mililita 50, naongeza maji mililita 150, imeshuka mpaka kama asilimia 9 hivi. Kunywa taratibu. Na bia msiione nyepesi, nayo inachochea asidi.

Tatu, na hapa naomba mnisikilize vizuri jamani, usichanganye pombe na dawa hizi za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Kaka yangu ni fundi gereji, mgongo ulimsumbua akawa anameza diklofenaki asubuhi na jioni na konyagi juu yake, siku ya tano akaniambia choo chake cheusi nikamwambia labda ni maini uliyokula, kumbe damu inavuja tumboni. Usiku akadondoka bafuni, tukamkimbiza, akaongezwa damu chupa mbili. Choo cha damu ya tumboni kinakuwa cheusi kama lami, kinanata, kinanuka vibaya kuliko kawaida, na ukitapika unaweza kuona vitu kama machicha ya kahawa. Ukiona hivyo usisubiri kukuche, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Asubuhi baada ya kunywa usizimue kwa bia nyingine, tumbo limeshachubuka unalimwagia tena. Maziwa yanatuliza kidogo halafu yanaongeza asidi, kwahiyo usiyategemee, kunywa maji na uji mwepesi.

Maumivu yakizidi wiki mbili usiishie duka la dawa kununua omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi, kila wiki. Omba kipimo cha H. pylori, cha choo au cha kupuliza pumzi, maana huyu bakteria ndiye anayeleta vidonda vingi na pombe tunaisingizia peke yake. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliomgundua mwaka 1982 na wakapewa Nobel 2005. Akionekana unapewa antibayotiki pamoja na omeprazo, mara nyingi siku 14, na umalize zote hata kama maumivu yameisha siku ya nne. Ila kama umekuwa ukimeza omeprazo mwambie daktari kabla ya kupima, inatakiwa uiache wiki mbili, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna wakati bakteria yupo.