Mitungi ya Matumbo Katika Maziko ya Misri ya Kale

Mabibi na mabwana, nitazungumzia mitungi minne iliyowekwa kaburini pamoja na maiti huko Misri ya kale, ambayo ndani yake yalihifadhiwa matumbo, yaani viungo vya ndani, ya marehemu.

Waliotayarisha maiti ili isioze walipasua ubavu wa kushoto, wakatoa ini, mapafu, tumbo na utumbo, kwa kuwa ndivyo vinavyowahi kuoza, kisha wakavikausha kwa magadi na kuvifunga kwa kitani. Moyo kwa kawaida waliuacha mahali pake, maana waliamini kwamba ndio utakaowekwa mizanini mbele ya Osiris, mungu wa wafu, na kupimwa kwa unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Katika kaburi la Malkia Hetepheres, mama yake Farao Khufu, lililogunduliwa mjini Giza, Misri, mwaka 1925, jeneza la mawe lilikutwa tupu, lakini sanduku lake la matumbo, la alabasta na lenye vyumba vinne, lilikuwa bado na maji ya magadi, baada ya miaka ipatayo 4,500.

Kila kiungo kilikuwa na mlinzi wake miongoni mwa wana wanne wa mungu Horus: Imsety alilinda ini, Hapy mapafu, Duamutef tumbo, na Qebehsenuef utumbo. Vifuniko vya mwanzo havikuwa na sura yoyote. Baadaye vikachongwa vichwa vya binadamu, na ni kuanzia Nasaba ya 19 (nasaba ni mfululizo wa wafalme) ndipo ilipozoeleka kumwona Hapy kwa kichwa cha nyani, Duamutef cha bweha na Qebehsenuef cha kozi, huku Imsety akibaki na uso wa mtu. Mfalme Tutankhamun, aliyetangulia mabadiliko hayo, matumbo yake yalitiwa katika vijeneza vinne vya dhahabu vyenye sura ya mfalme.

Jambo linalonigusa zaidi ni lililotokea katika Nasaba ya 21, iliyoanza karibu mwaka 1070 KK. Wakati huo matumbo yalianza kufungwa na kurudishwa mwilini, hivyo mitungi haikuwa na cha kuhifadhi. Hata hivyo iliendelea kuchongwa, mingine ikiwa jiwe zima lisilotobolewa ndani kabisa. Naona hapo ushahidi kwamba familia hazikuwa zikitafuta chombo tu, bali zilitaka walinzi wale wanne wawepo kaburini, na kwa ajili hiyo ziliendelea kugharimia mawe na mafundi kwa karne nyingi, hadi mitungi hiyo ilipotoweka katika enzi ya Waptolemayo, wafalme wa asili ya Kigiriki waliotawala Misri.