Kinabatangan: Kwa nini wanyama wote wako ukingoni?

Baraka: Haya karibuni tena jamani, mko na Baraka na dada yangu Zuhura, na leo tunaingia mtoni. Kinabatangan, jimbo la Sabah, upande wa Malaysia wa kisiwa cha Borneo, mto una urefu wa kilomita 560 hivi. Zuhura wewe umefika, mi nimeishia kwenye video tu, basi nianze na swali la kishamba, ni kweli unakaa tu kwenye boti na wanyama unawaona hivihivi?

Zuhura: Haha, sio la kishamba bwana, ndo swali lenyewe hilo. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Unalala kijijini Sukau au Bilit, huko mto unakokaribia bahari, alasiri mnapanda boti ndogo, mnavaa maboya, mnakwenda taratibu, na mwongozaji hata haangalii maji, macho yake yote kwenye miti, anatafuta tawi linalotikisika wakati upepo hakuna.

Baraka: Mbona alasiri? Mi ningeamka alfajiri.

Zuhura: Alfajiri pia mnatoka, ila alasiri ndo ya kima wa pua ndefu, wale ambao hawapo popote duniani isipokuwa Borneo. Mchana wanaingia ndani ya msitu kula, jua likishuka wanarudi kulala kwenye miti ya ukingoni, dume na wake zake na watoto. Watafiti wanasema sababu moja ni adui, maana kule kuna chui wa aina yao, sasa ukilala kwenye tawi lililoinamia mto upande mmoja unalindwa na maji, na mambo yakiharibika wanajirusha mtoni wanaogelea, wana ngozi katikati ya vidole vya miguu kama bata.

Baraka: Aisee. Na ile pua?

Zuhura: Dume tu ndo anayo kubwa vile, inashuka mpaka inafunika mdomo. Nilimkazia mmoja darubini anakula majani machanga, anaisogeza pua pembeni kwa mkono, anaingiza jani, anatafuna, pua inarudi pale pale, anaisogeza tena, wala hana haraka. Na kitambi sasa! Utadhani kundi zima lina mimba, madume nao.

Baraka: Shibe hiyo.

Zuhura: Majani hayo. Tumbo lao lina vyumba vyumba na bakteria wanaochachusha majani, na wameshaonekana wakicheua, kima anacheua, we umewahi kusikia wapi? Ndo maana wanakula zaidi matunda mabichi, yaliyoiva yana sukari, yakichachuka haraka tumboni wanajaa gesi vibaya.

Baraka: Na usiku mnatoka tena na tochi?

Zuhura: Wanatoka, ndiyo. Macho ya mamba yanawaka mekundu juu ya maji, mamba wa maji chumvi hao, wakubwa, halafu mdiria unamkuta kalala kwenye kijitawi mkono wako unaweza kumfikia. Hapo mi roho hainipi sana, boti tatu nne zinammulika ndege aliyelala, kila mtu anataka picha. Mulika kidogo, zima, nendeni zenu.

Baraka: Ila kuna kitu kinanitatiza. Nimesoma kwamba Borneo misitu imekatwa sana, halafu kila mtu akirudi Kinabatangan anasema kaona tembo, kaona orangutanu, yule sokwe mwekundu wa mitini, hondohondo mpaka kachoka. Sasa wanyama wamepungua au wameongezeka?

Zuhura: Hapo ndo umefika penyewe. Unawaona kirahisi kwa sababu wamebanwa. Walianza wakata mbao, baadaye ikaja michikichi ya mawese, mashamba yasiyoisha, ukitoka mji wa Sandakan kwa gari unayapita mpaka unasinzia. Msitu uliobaki sehemu nyingi ni ukanda tu kandokando ya mto. Mwaka 2005 serikali ya Sabah ilitenga hifadhi ya hekta kama 26,000, lakini sio kipande kimoja, ni vipande 10, na kati ya kimoja na kingine unakuta shamba au kijiji au barabara. Basi tembo akitaka kuhama anafuata ukingo, hana njia nyingine, na wewe uko pale kwenye boti unasema leo nina bahati!

Baraka: Dah. Lakini si kuna sheria ya kuacha miti ukingoni?

Zuhura: Ipo, ya mwaka 1998, mita 20 kutoka kwenye maji. Sasa mita 20 na kundi la tembo, hesabu mwenyewe. Ni tembo wadogo kwa umbo ukilinganisha na wenzao wa Asia, lakini tembo ni tembo.

Baraka: Na orangutanu wanavukaje?

Zuhura: Hawajui kuogelea. Zamani miti mikubwa ya pande mbili za vijito ilikuwa inakutana juu, wanavuka hukohuko. Miti ikakatwa, njia ikafa. Kuna shirika linaitwa Hutan, lipo Sukau tangu 1998, wao na idara ya wanyamapori wakaning'iniza mipira ya maji ya zimamoto iliyochakaa toka mti hadi mti, na orangutanu wameshapigwa picha wakiipita.

Baraka: Mi bado nasita, naona kama unalipa kwenda kuangalia wakimbizi.

Zuhura: Sikubaliani kaka. Kijiji kikipata riziki kwa msitu uliosimama, kina sababu ya kukataa shamba jingine. Ila chagua boti. Wengine wanazima injini kubwa wanamalizia na mota ya umeme, kimya kabisa, wengine wanakwenda kwa fujo mpaka kima wanahama mti. Uliza hilo kabla hujalipa, na uliza kama mwongozaji ni wa palepale kijijini.

Baraka: Na msimu?

Zuhura: Mvua kubwa ni Novemba mpaka Machi, mto unafurika, tembo hapo wanakuwa wagumu kuwapata. Na ukishuka kutembea msituni vaa soksi ndefu za kuzuia ruba, hao hawana msimu.

Baraka: Ruba tena! Ngoja tupumzike kidogo, tukirudi tunasoma maswali yenu.