Jumba lililozidiwa na viti vyake

(Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa parokia, komini ya Kenya, Lubumbashi)

Jambo yenu, ba papa na ba mama, pamoja nanyi vijana mliosimama mlangoni. Viti vimewaishia, nimeona. Humu vipo 120, nilivihesabu mwenyewe asubuhi nikisaidia kuvipanga. Shikeni hesabu hiyo, kwa sababu jumba ninalotaka kuwasimulia lilikuwa na viti 6,000.

Lilikuwa Paris, pale Place de Clichy, chini ya kilima cha Montmartre. Jina lake Gaumont-Palace. Ukienda leo hulikuti; lilivunjwa mwaka 1973.

Halikuzaliwa sinema. Lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1900, na kazi yake ya kwanza ilikuwa farasi: farasi wanazunguka katikati, watu wameketi pembeni wanashangilia. Farasi walipoacha kuleta pesa, watu wakawa wanateleza humo kwa viatu vya magurudumu. Mwaka 1911 akaja Léon Gaumont. Huyu bwana alitengeneza mashine za sinema, alipiga filamu, kisha akawa na majumba ya kuzionyeshea. Kwa lugha ya hapa kwetu: alilima mahindi, akayasaga, akapika bukari, na sahani ya kulia akakukodisha yeye mwenyewe.

Mwaka 1931 mbunifu Henri Belloc alilijenga upya karibu lote, na hapo ndipo lilipofika viti 6,000. Usiku uso wake mzima uliwaka taa, mtu analiona kabla hajafika. Walijisifu kwamba Ulaya nzima hakuna sinema inayolifikia. Ndani waliweka kinanda cha mabomba aina ya Christie, kilichotengenezwa Uingereza. Hapa mimi hucheka kidogo, kwa sababu kinanda cha namna hiyo kilibuniwa kujaza masikio wakati filamu ni bubu, na mwaka 1931 filamu zilikuwa zimeshaanza kusema! Basi kikapewa kazi ya mapumziko. Mpigaji alipanda kutoka chini ya sakafu, yeye na kinanda chake, taa imemmulika. Anabonyeza kibao, ngoma inalia huko ndani ukutani wala hakuna mpiga ngoma. Anabonyeza kingine, kengele zinajibu. Yote hayo yanaendeshwa na upepo, na mtu mmoja ameketi.

Mapumziko yetu sisi mnayakumbuka. Nilikulia kwenye kampi ya wafanyakazi wa mgodi. Sinema ilikuwa shuka jeupe limefungwa kati ya miti miwili, na baba yangu mdogo ndiye aliyeendesha projekta. Mvua za kwanza zikishanyesha, kumbikumbi walikuwa wanapita kwenye ule mwanga, na kwenye shuka kila mmoja anaonekana mkubwa kama kuku. Waliowahi walikaa mbele. Sisi wachelewaji tulikaa nyuma ya shuka, tukaona filamu ileile, ila kila bunduki imeshikwa kwa mkono wa kushoto na maandishi yote yamegeuka. Reli ya filamu ikiisha, giza. Baba mdogo anatafuta nyingine kwenye kopo, watu wanapiga miluzi, mama wa karanga anapita. Kinanda chetu kilikuwa hicho.

Turudi Paris. Mwaka 1957 Wafaransa walinunua tiketi za sinema milioni 411. Mwaka 1971 hazikufika milioni 180. Kila mtu anaitaja televisheni, na ni kweli iliingia nyumbani. Lakini televisheni iliingia kwa wote, na sinema ya Rex, iliyofunguliwa Paris hiyohiyo mwaka 1932, bado inaonyesha filamu hadi leo. Rex nayo ni kubwa, ila haikuwahi kuufikia ukubwa wa Gaumont-Palace. Kwa hiyo mimi nalaumu viti.

Fanyeni hesabu. Watu 800 wakiingia humu ndani, wengine watapanda madirishani, na kesho mji mzima utalisema jambo hilo. Wakiingia 800 kwenye jumba la viti 6,000, wanaona viti 5,200 vitupu vinawatazama. Hata filamu nzuri inapoa. Na baridi ya Paris hailipi kiingilio: paa ni lilelile, kuta ni zilezile, lazima upashe joto jumba zima kwa ajili ya hao 800. Walijaribu. Mwaka 1962 waliweka Cinerama, ile skrini pana iliyopinda, wakitumaini kwamba picha kubwa italijaza jumba kubwa. Ilisaidia kwa muda. Sinema nyingine za Paris zilikatwa vyumba vidogo vidogo, kama mtu anavyokata parseli yake ya ardhi akaweka wapangaji. Hili la Clichy ardhi yake ilikuwa na bei kuliko jengo. Lilifunga milango mwaka 1972, na mwaka uliofuata likaangushwa. Pakajengwa hoteli na jengo la biashara, na humo likaja kuingia duka la vifaa vya ujenzi. Palipokuwa na farasi, kisha filamu, ukaweza kununua misumari, rangi na mbao.

Nchini kwetu sinema nyingi zimegeuka makanisa ya uamsho. Msinikasirikie wachungaji mliopo: angalau nyinyi mnavijaza viti.

Kinanda kilipona kwa sababu kilifunguka vipande vipande. Kilipigwa mnada mwaka 1976, mji mdogo wa Nogent-sur-Marne, jirani na Paris, ukakinunua. Wakakosa mahali pa kukiweka? Hapana. Miaka hiyohiyo serikali ilikuwa inabomoa soko kuu la Paris, Les Halles, mabanda ya chuma ya karne ya 19, na banda namba 8 lilikuwa limehamishiwa Nogent. Ndimo kinanda kilimowekwa. Banda hilo, likiwa bado sokoni, lilikuwa la mayai na kuku.

Nimewaletea picha zake, za banda na za kinanda. Papa, tuzimie taa. Projekta ni ya kuazima na shuka ni la mke wangu, msiliguse kwa mikono ya karanga. Walioko nyuma, samahani, maandishi mtayasoma kinyume.